Tairi la bei nafuu: soma ubavu kabla ya kashata

Mwenye Corolla ya miaka ya 90 akifika kwa wauza matairi, Dar es Salaam au Nairobi, huwekewa mawili mbele yake: jipya la Kichina lenye jina asilolijua, na mtumba wa Japani wenye jina kubwa, kashata nene, ubavu unang'aa kwa dawa. Wengi huchukua mtumba. Mimi ningechukua la Kichina, baada ya kulisoma.

Kashata haisemi umri. Umri umeandikwa ubavuni, tarakimu 4 za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mara nyingi huandikwa kamili upande mmoja tu. Usipoziona, mwambie fundi aligeuze. Raba huzeeka hata ikikaa stoo. Tairi likishajazwa upepo, oksijeni ya ndani hupenya polepole na kuikausha raba inayoshikilia mikanda ya waya, na joto letu huongeza kasi. Safari ndefu, mzigo, upepo pungufu, basi kashata ile nene inabanduka yote. Michelin, watengenezaji wa matairi yasiyo ya bei rahisi, hutaka tairi likaguliwe kila mwaka likishatumika miaka 5, na litolewe likifikisha 10 tangu litengenezwe, hata likionekana zima.

Baya kuliko yote ni la kuchongwa. Tairi lenye kipara hupitishiwa kisu cha moto, mifereji ikarudi. Matairi ya malori yaliyoandikwa REGROOVABLE yamewekewa raba ya ziada kwa kazi hiyo. Ya gari dogo hayana. Kisu hula raba nyembamba inayofunika waya, maji yakaingia, kutu ikaanza.

Jipya la bei ndogo nalo limepunguziwa mahali, aghalabu kwenye mchanganyiko wa raba: lami ikilowa, gari huchelewa kusimama. Dereva anaweza kupunguza mwendo. Uzito hauna dawa hiyo. Namba 91 baada ya saizi humaanisha tairi moja hubeba hadi kilo 615, matairi manne kilo 2,460. Hiace iliyojaa abiria hupita hapo kwa urahisi; yake ni tairi la mizigo, lenye herufi C au LT kwenye saizi, mathalani lenye 106, yaani kilo 950. Ukiuziwa la saluni kwa kuwa tu limeingia kwenye rimu, kataa, hata kama limetengenezwa mwaka huu.