Namba Mbili Kichwani mwa Swichi

Fundi umeme wa magari hasifiwi. Anayefumua injini huacha ushahidi: vyuma vimetandazwa juu ya turubai, mikono imelowa oili hadi viwikoni, na mwenye gari akilipa anajua analipia nini. Anayebadili swichi ya feni hufungua kidude cha shaba kinachoenea kiganjani, akafunga kingine kinachofanana nacho, akataja bei. Mteja huondoka akihisi ameibiwa. Mimi namtetea fundi huyu, na shahidi wangu ni mlima wa Bwesumbu, wilayani Kasese, Uganda.

Gari dogo la abiria likitoka Kasese kwenda Bwera hupita Kikorongo na kukata mbuga ya Queen Elizabeth kwa mwendo mzuri. Upepo wa mbele hutosha kupoza rejeta, feni inaweza kulala karibu safari nzima. Likifika mpakani Mpondwe na kukwama nyuma ya malori yanayovuka kwenda Kasindi, upepo haupo tena. Feni lazima iamke. Kupanda Bwesumbu ni shida ya namna nyingine: injini inanguruma kwa gia ya kwanza na ya pili, abiria wamebanana, nyuma kuna magunia ya kahawa, na gari linakwenda taratibu kama ng'ombe wa kukamuliwa. Joto ni la kazi nzito, upepo ni wa gari lililosimama. (Malori makubwa hayamo katika hadithi hii, feni zao nyingi huzungushwa na injini yenyewe. Bodaboda nazo hupozwa na hewa.)

Ndani ya kile kidude kinachoiamsha na kuilaza feni kuna kisahani cha madini mawili yaliyogandamana, moja likitanuka kwa joto kuliko jingine. Kikifikia joto lake kisahani hugeuka ghafla, tiki, kikaunga au kukata umeme. Husimuliwa kwamba wazo la kisahani hicho alilipata Mmarekani John Spencer alipokuwa kijana mlinzi wa moto wa bwela huko Maine: mlango wa chuma ulibetuka kwa kishindo ulipopata moto, ukabetuka tena ulipopoa, naye akajua kwa sikio wakati wa kuongeza kuni. Katika miaka ya 1920 alikuwa ameshaufanya uvivu huo kuwa biashara. Naipenda hadithi hii kwa kuwa haina maabara, ina kijana mwenye usingizi na masikio mazuri.

Kichwani mwa swichi nyingi huchongwa namba mbili, tuseme 95 na 90. Ya kwanza ni joto la kuwasha feni, ya pili la kuizima. Wanunuzi huitazama ya kwanza tu. Fundi huangalia pia nafasi iliyo katikati, kwa sababu bila nafasi hiyo feni ingewaka na kuzima kila mara hadi rilei iungue. Kisha huuliza swichi inakaa wapi. Ikiwa upande wa injini, namba zote mbili lazima zipite joto ambalo thamostati, kilango cha maji yaendayo kwenye rejeta, hufungukia. Thamostati ya digrii 82 ikiwekewa swichi inayozima kwenye 80, feni haitapumzika kamwe: mmoja anailinda injini isipoe chini ya 82, mwingine anasubiri ifike 80. Swichi ikiwa chini ya rejeta, yanapotokea maji yaliyokwisha kupoa, namba ndogo zaidi hufaa.

Hapo bado hajauliza swichi ni ya kabila gani. Corolla nyingi za miaka ya 1990 zina swichi inayounga ikiwa baridi na kukata ikipata moto. Ukichomoa waya wake, feni huzunguka. Wajapani walitaka ikiharibika iharibikie upande wa usalama. Ukiweka ya kawaida mahali pake, feni itapuliza injini baridi na kunyamaza injini ikiungua. Na ile yenye waya mmoja hupata ethi kupitia mwili wake, kwa hiyo utepe wa mabomba uliozungushwa kwenye nyuzi ili maji yasivuje unaweza kuikatia umeme.

Lakini kinachonifanya nivue kofia ni sufuria. Kila fundi hujua kupima swichi kwa kuichemsha huku ameshika mita. Tatizo ni mlima. Kwa kila mita 300 hivi unazopanda, maji huchemka kwa digrii moja pungufu. Kwenye mita 1,500 huchemka karibu na 95. Swichi ya 98, nzima kabisa, haitabetuka katika sufuria hiyo hata ukimaliza gunia la makaa, na fundi asiyejua atatupa kifaa kizuri. Anayejua hupima kwa mafuta ya kupikia na kipimajoto. Anayejua zaidi hushika kifuniko cha rejeta kabla ya kugusa swichi. Kifuniko kizima hubana mvuke, maji ya ndani yakapita digrii 100 bila kuchemka. Mpira wake ukilegea, kule juu maji yatachemka kabla ya feni kupata amri, na lawama zote zitamwangukia aliyefunga swichi.

“Fundi, niungie dairekti tu,” husema dereva mwenye haraka. Yaani feni izunguke tangu ufunguo unapowashwa. Wengi hukubali, na wengine huondoa thamostati pia, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Gari halitachemsha, kweli. Litakunywa petroli zaidi, kwa sababu injini baridi huchoma vibaya. Mota ya feni itakufa mapema. Na asubuhi ya baridi mlimani litatembea kilomita nyingi kabla injini haijapata joto lake. Fundi mzuri hujibu, “Mzee, nipe nusu saa,” na nusu saa hiyo haitozi.

Baada ya kufunga huacha injini ikinguruma palepale. Feni inapowaka, dereva hunyoosha mkono kwenye mlango. Fundi humzuia. Anasubiri izime, kisha iwake tena, kwa sababu namba ya pili nayo aliichagua.