Menyu ya Linux inaficha mlango wa NFS

Bandugu, mimi ni mtu wa udongo na mbegu, lakini hii menyu ya kupanga kiini cha Linux niko na neno juu yake.

NFS, ile njia iliyotoka kwa Sun Microsystems mwaka 1984, inaruhusu mashini isome mafaili ya seva sawa vile yako mu diski yake. Kwa chumba cha mashini za zamani zisizo na diski hiyo njo dawa: kiini kinaanza, mengine yote yanatoka kwa seva.

Sasa fungua menyu. Unachagua NFS kwa herufi M, ni kusema moduli, kitu cha kupakiwa baadaye. Menyu inakubali, kimya. Lakini moduli yenyewe inakaa kwa seva, na bila moduli seva haifikiwi. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba! Kama hautumii initramfs, ule mfumo mdogo wa kuanzia, lazima Y, hata kwa programu ya kadi ya mtandao.

Tena ROOT_NFS, chaguo lenyewe tunalotafuta, halionekani kabisa kama NFS iko M ao kama IP_PNP haijawashwa, na IP_PNP iko mbali, upande wa mtandao. Maelezo yake yanasema watu wengi wanajibu N. Wengi gani? Wale wenye diski.

Ukibonyeza / na kuandika ROOT_NFS, menyu inakutolea masharti yote. Kumbe inayajua! Juu ya nini basi inangoja mtu alijue jina kwanza?