Mzinga wa Liuli: Uhakiki wa Kisa cha Manowari za Ziwa Nyasa, 1914

Miongoni mwa visa vya Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika ya Mashariki, ni vichache vilivyosimuliwa kwa kicheko kama kisa cha Liuli. Bandari hiyo imo pwani ya Ziwa Nyasa, katika Mkoa wa Ruvuma, ambao makao yake makuu ni Songea. Wadachi waliiita Sphinxhafen, kwa ajili ya jabali lake linalofanana na ile sanamu mashuhuri ya Misri. Tarehe 13 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza, Gwendolen, chini ya Kamanda Rhoades, iliingia hapo, ikaipiga mzinga meli ya Kidachi, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa pwani kwa matengenezo. Nahodha wa Kidachi, jina lake Berndt, alikuwa hajapata habari ya vita. Yeye na Rhoades walikuwa marafiki wa siku nyingi. Kisa chaeleza kwamba Berndt alijitupa mashuani, akaiendea Gwendolen, akamkaripia mwenziwe akidhani kuwa amelewa. Akaambiwa kwamba mataifa yao yanapigana, naye akashikwa mateka.

Shabaha ya makala haya si kukikanusha kisa hicho. Kwamba meli ilipigwa na nahodha wake akashikwa ni jambo lisilo na shaka. Tunalotaka kulipima ni usimulizi wenyewe: ni nani anayesimulia, amesimama wapi, aanzia wapi na akomea wapi. Kwa kuwa karibu kila aliyeandika juu ya vita vya maziwa amekirudia kisa hiki kwa namna ile ile, namna hiyo imekwisha kuwa kama ndiyo historia yenyewe.

Kwanza, tutazame dai linaloambatana nacho, kwamba huu ulikuwa ushindi wa kwanza wa majini wa Waingereza katika vita ile. Dai hili halisimami. Tarehe 5 Agosti 1914, yaani siku nane kabla ya Liuli, manowari za Kiingereza zilikwisha kuizamisha Königin Luise, meli ya Kidachi ya kutega mabomu, katika Bahari ya Kaskazini. Hata katika nchi yetu hii mzinga wa Liuli haukuwa wa kwanza, maana tarehe 8 Agosti manowari Astraea ilifika Dar es Salaam kukipiga kituo cha simu ya upepo. Msimulizi anayeshikilia neno "kwanza" analipendelea kwa kuwa lanogesha mzaha, ya kwamba taifa lenye manowari nyingi kuliko yote lilipata ushindi wake wa kwanza katika ziwa la Afrika, dhidi ya meli iliyokuwa nchi kavu. Mzaha huo watamu, lakini tarehe zinaukataa.

Pili, kisa kinakoma mapema mno. Wissmann haikuzama siku ile. Hapa mwandishi wa Kiswahili hana budi kuwa mwangalifu, maana lugha yetu yatofautisha waziwazi chombo kilichozama, kilichopwelewa na kilichoharibika, na wanaoandika kwamba Gwendolen "iliizamisha" Wissmann wametumia neno lisilo lake. Meli ilibaki pale pale pwani, na kwa kuwa iliweza kutengenezwa, Waingereza walilazimika kurudi. Tarehe 30 Mei 1915, wakiongozwa na Luteni-Kamanda Dennistoun, waliteremsha askari Liuli, pamoja na askari Waafrika wa K.A.R., wakaishambulia bandari. Siku hiyo hapakuwa na marafiki wawili wala nahodha mwenye kukaripia, na kwa sababu hiyo masimulizi mengi hayana haja nayo. Lakini mtu akitaka kujua vita ilikuwa kitu gani kwa watu wa Liuli, siku ya pili yafaa kupewa nafasi si haba kuliko ya kwanza.

Tatu, kicheko kimeficha uzito wa tendo. Baada ya tarehe 13 Agosti Waingereza peke yao ndio waliokuwa na manowari iliyoweza kusafiri ziwani. Majeshi yao yalichukuliwa kwa meli mpaka Karonga, ambako tarehe 9 Septemba 1914 walipigana na Wadachi. Wadachi kwa upande wao walikuja kwa miguu, kwa kuwa hawakuwa na chombo. Mzinga mmoja uliamua nani apande meli na nani apande milima, na mizigo ibebwe na chombo au vichwa vya watu. Hilo halikuwa jambo dogo katika nchi ambamo wapagazi waliokufa vitani waliwazidi mno askari.

Hata hivyo kasoro iliyo kubwa kuliko hizo zote ni mahali anaposimama msimulizi. Katika masimulizi yaliyozoeleka yeye yuko juu ya sitaha ya Gwendolen, na katika upeo wa macho yake wamo Wazungu wawili tu. Ukumbuke kwamba meli zote mbili ziliendeshwa kwa moto wa kuni. Kuni hizo zilikatwa na wanakijiji, zikapakiwa na wanakijiji, zikatiwa tanuruni na Waafrika. Ukumbuke tena kwamba meli hizo hazikuja kwa maji matupu. Wissmann iliundwa Hamburg kwa fedha zilizochangwa kwa jina la kupinga biashara ya watumwa, ikaletwa vipande vipande kwa njia ya Zambezi na Shire. Na penye maporomoko ya Shire, ambapo hakuna chombo kipitacho, vipande vilivushwa nchi kavu kwa nguvu za watu, mpaka ikaelea mwaka 1893. Gwendolen nayo, iliyopewa jina la binti wa Lord Salisbury na kushushwa majini mwaka 1899, ilifuata njia hiyo hiyo. Basi chombo hiki kinachotajwa kama mali ya nahodha wake kilikuwa kimepita juu ya mabega ya mamia ya watu kabla nahodha hajakikanyaga.

Yawezekana mtu atasema kwamba haya ni kudai kisichokuwapo, kwa kuwa mabaharia na wapagazi hawakuandika. Jibu letu ni kwamba fasihi ya Kiswahili ilikwisha kuonyesha njia muda mrefu kabla ya mzinga wa Liuli. Katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, uliohaririwa na J. W. T. Allen na kutolewa kwa chapa ya 1960, msimulizi amesimama pwani pamoja na wenyeji. Manowari inaonekana kutoka nchi kavu, ikiwa ni kitu kijacho kutoka mbali kutaka mji, na watu wa mji ndio wanaoshauriana, wanaobishana, wanaokimbia na wanaorudi. Hemedi ana upande wake, wala hauficho. Lakini tukimaliza kusoma tumejua kwamba mzinga ukipigwa majini kuna mahali unapoangukia. Hicho ndicho kisichojulikana kwa msomaji wa kisa cha Liuli.

Tena yupo mtu anayeziunganisha habari hizi mbili. Wissmann aliyepigana na Abushiri katika Mrima mwaka 1889 ndiye aliyepewa heshima ya jina la meli ya Liuli. Kadhalika Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, uliotolewa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley, unatukumbusha vita iliyozikumba nchi za kusini kuanzia 1905. Katika Songea viongozi wa Wangoni walinyongwa tarehe 27 Februari 1906. Miaka minane na miezi michache baadaye, Mdachi aliyewanyonga akapigwa mzinga na Mzungu mwenziwe mbele ya watu wa nchi hiyo. Msimulizi aliyeijua miaka hiyo minane angewezaje kuona Liuli mashua na ulevi tu?

Wala nathari haikukosa mfano. Mkusanyo wa Carl Velten wa mwaka 1901, Safari za Wasuaheli, una habari ya safari ya Nyasa iliyosimuliwa na Salim bin Abakari, mtu yule yule aliyesimulia pia safari ya Urusi na Siberia. Ziwa hili, basi, lilikwisha kusimuliwa kwa Kiswahili na msafiri wa Kiafrika miaka 13 kabla ya vita.

Na maneno je? Hapana upungufu. Manowari imetoka katika Kiingereza, stima vile vile; nahodha na serahangi zimetoka Uajemi kwa njia ya bahari ya Hindi; baharia ni Kiarabu; mzinga ni neno lile lile la mzinga wa nyuki, ambalo mtu wa Umatengo alilijua kabla hajaona chuma kitoacho moto. Lugha ambayo imekusanya msamiati huu kwa kufanya kazi vyomboni haiwezi kusemwa kuwa haina la kueleza juu ya kazi hiyo.

Haki inatudai tuseme jambo moja kwa kukitetea kisa cha zamani. Katika karipio la Berndt mna ukweli wa kibinadamu: watu wawili waliokula pamoja wamefanywa maadui kwa waraka ulioandikwa mbali, na mmoja wao hata hakuusoma. Ukweli huo usitupwe. Lakini kama waraka ule uliwashangaza manahodha, uliwahusu zaidi mkata kuni na mtia moto, ambao hawakuulizwa neno na ambao vita iliendelea kuwatumikisha mpaka 1918.

Wale waliousikia mzinga ule wamekwisha kufa, lakini jamaa zao wapo Liuli, Mbamba Bay, Manda na vijiji vya kati, na huko hata jina la Songea lilipata baadaye kuandikwa ubavuni mwa meli ya ziwa, MV Songea. Mtafiti atakayekwenda huko asianze kwa kuuliza habari za Rhoades na Berndt, maana atajibiwa yale yaliyomo vitabuni. Aulize kuni zilikatwa wapi, nani alizibeba, ujira ulikuwa nini, watu walikimbilia upande gani siku ya Mei 1915, na meli ile iliitwaje kwa lugha ya nyumbani. Majibu yakipatikana, hata yakiwa machache na ya kupingana, yachapishwe kwa Kiswahili kama yalivyosemwa, pamoja na jina la kila msemaji aliyeridhia kutajwa.