Samaki wa kupaka wa Jambiani: nendeni sasa hivi!

Wapenzi wa chakula, acheni mlichoshika mnisikilize. Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, kumefunguliwa mkahawa kando ya barabara, na mimi ndiyo kwanza nimetoka kula hapo. Vidole bado vinanukia thomu na tui. Nimeshindwa kusubiri hata nifike mjini, naandika nikiwa kituoni nangoja daladala, maana chakula cha namna hii mtu hakai nacho moyoni peke yake.

Mahali penyewe hapana makeke. Banda la makuti, mabenchi ya mbao, ndoo ya maji yenye bomba la kunawia, na ubao ulioandikwa kwa chaki: changu wa kupaka, pweza wa nazi, wali wa nazi, mchicha, muhogo. Basi. Hakuna piza, hakuna baga, hakuna orodha ya kurasa kumi ya kumchosha mtu kabla hajala. Jiko liko nje, mbele ya macho yako, na kila kinachofanyika unakiona.

Nilimwamkia mama mwenye jiko, akaniitikia bila kuondoa macho kwenye moto: "Marahaba mwanangu. Kaa kitako, wa kupaka hataki haraka." Nikakaa. Na jamani, kule kukaa tu na kutazama ni nusu ya utamu!

Changu anapasuliwa mgongoni, anafunguliwa kama kitabu, anapakwa chumvi, ndimu, thomu, tangawizi na pilipili mbichi iliyotwangwa, kisha anabanwa kwenye wavu na kuwekwa juu ya makaa ya vifuu. Pembeni, binti anakuna nazi kwa mbuzi, anaikamua kwenye kifumbu, na ile kasimele ya kwanza, nzito, haionjeshwi maji. Inaingia sufuriani na ukwaju, bizari ya manjano na chumvi, inakorogwa moja kwa moja bila kupumzika ili tui lisikatike. Likishakuwa zito ndipo kazi inapoanza. Mama anachota kwa upawa, anammwagia samaki, anamgeuza, anammwagia tena, anamgeuza tena. Tone linaangukia makaa, linalia, moshi wa nazi unapanda na kumrudia samaki. Tui linakauka juu ya ngozi, tabaka juu ya tabaka, mpaka kingo zinaanza kuungua kidogo. Hapo ndipo anapomwondoa. Wala si kabla!

Nyama ya ndani ilikuwa nyeupe, ina maji yake, inaachia mfupa kwa kuguswa tu. Ya juu ina ukali wa ukwaju, utamu wa nazi na ile ladha ya kuungua kidogo kwenye kingo ambayo, nasema wazi, sijaipata katika hoteli yoyote ya ufukweni. Huko wanakuletea samaki wa kuchoma, halafu mchuzi wa nazi wanammwagia mwishoni. Ni chakula kizuri, lakini si samaki wa kupaka. Kupaka ni kwenye moto, na ni mara nyingi.

Wali ulichambuka punje kwa punje, na ukiomba ukoko unapewa. Ombeni ukoko!

Sasa pweza. Upande huu wa kisiwa una mwamba mrefu baharini, na kati ya mwamba na ufukwe maji hupwa hadi watu wakatembea kwa miguu. Wakati wa bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka mbali kabisa, na kina mama huenda na vijiti vyao kuchokoa pweza mashimoni. Kwa hiyo ukitaka pweza mbichi wa siku hiyo hiyo, tazama mwezi kwanza. Nilibahatika kufika wakati wa bamvu. Pweza alikuwa laini wa kukatika kwa kijiko, ndani ya mchuzi wa nazi wenye bizari nyembamba na ndimu ya kutosha kuamsha ulimi. Nilikomba sahani kwa kipande cha muhogo mbele ya watu na sikuona haya.

Na watu wenyewe! Hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Benchi langu lilikuwa na fundi wa ngalawa, dereva wa gari la mchanga, na kina mama wawili waliotoka shambani kwa mwani, kilimo ambacho Paje na Jambiani wamekifanya tangu 1989. Wageni wawili waliovaa kaptura waliketi katikati yao, wakila kwa mkono kama walivyofundishwa na jirani zao. Sahani ni ile ile, bei ni ile ile. Kisiwa kinachoishi kwa utalii kinahitaji meza za aina hii, ambapo mwenyeji hageuki mgeni kwao.

Teremshia na juisi ya bungo. Bungo lina ukali na harufu yake ambayo embe na pasheni pamoja haviifikii, na hapa wanalikamua bila kulizamisha kwenye sukari. Glasi ya kwanza niliimaliza kwa pumzi moja.

Samaki mzima, wali na mchicha nililipa shilingi 10,000. Kweli, utasubiri, hasa saa saba mchana watu wakijaa. Subiri tu. Achari ya embe ilikuwa na chumvi nyingi kwa ulimi wangu, lakini pilipili ya kusaga iliyokaa jirani yake ilinisahaulisha mara moja.

Ukitokea mjini panda daladala nambari 309, itakupitisha Tunguu na msitu wa Jozani mpaka Jambiani. Mwambie utingo akushushe kwa mama wa samaki wa kupaka. Wangu hakuuliza swali la pili. Fika kabla ya adhuhuri, kwa sababu hapikwi samaki wa jana, na wa leo wakiisha wameisha. Ila Ijumaa jiko huwashwa baada ya sala, na Ramadhani mchana hapapikwi.