Taka, Mabaki na Marudio: Tahakiki ya Istilahi za Mazingira

Msafiri atokaye Nzega kwenda Tabora hufika Puge akiwa amekwisha karibu nusu ya mwendo. Hapo ndipo kazi ya ujenzi wa barabara ya lami ilipokatwa vipande viwili, Nzega hadi Puge na Puge hadi Tabora. Njia yenyewe si ngeni kwa wasafiri. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo na kufika Tabora iligawanyika huko: mingine ilishika magharibi kwenda Ujiji, mingine kaskazini, katika nchi hii ya Wanyamwezi, kuelekea Karagwe na Ziwa. Wapagazi walibeba merikani, kaniki, ushanga na waya. Waya huo wahunzi wa bara waliufua ukawa vikuku na bangili, na jembe lililolika lilirudi motoni likatoka kisu. Kiswahili kiliingia huku pamoja na biashara hiyo, nacho kikazoea kutaja vitu vinavyobadili kazi bila kupoteza thamani.

Tumechagua Puge makusudi, tusichague Dar es Salaam, iwe mahali pa kupimia istilahi za mazingira zinazotumika sasa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zilizotungwa chini yake ziliandikwa kwanza kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Basi maneno ambayo zamani yalikaa katika ripoti za semina sasa yanaingia katika amri zenye faini na kifungo. Kipimo chetu ni chepesi: mtendaji wa kata akisimama mkutanoni akausoma waraka jinsi ulivyoandikwa, je, wasikilizaji watajua wafanye nini na kitu walichoshika mkononi?

Tuanze na neno lililoshamiri kuliko yote, yaani urejelezaji. Kwa umbo halina kosa. Limetokana na rejea, likapitia rejelea, likapewa kiambishi cha kusababisha. Lakini mwalimu anajua kwamba kurejelea ni kurudi kwenye kitabu, na marejeleo ni orodha ya vitabu hivyo. Hilo tungelivumilia, maana neno moja kubeba maana mbili si jambo geni. Tusiloweza kulivumilia ni namna lilivyomeza vitenzi vya watu. Chupa ya soda inayorudishwa dukani, ikaoshwa na kujazwa tena, waraka husema imerejelezwa. Tairi kuukuu lililokatwa likawa katambuga, limerejelezwa. Kopo lililotiwa utambi likawa koroboi, nalo limerejelezwa. Na chuma chakavu kilichopakiwa lori kikayeyushwe kiwandani, vivyo hivyo. (Ndala za mpira ni jambo jingine, na Ndala iliyo jirani na Puge ni jambo la tatu.)

Hizo ni kazi nne, si moja. Ya kwanza ni kutumia tena: kitu hakikubadilika hata kidogo. Ya pili na ya tatu ni kugeuza matumizi: mali ghafi ni ile ile, ila kitu kimepata kazi nyingine kwa mkono wa fundi. Ya nne ndiyo inayostahili neno lile, kwa kuwa kitu kimeharibiwa umbo lake kikawa mali ghafi upya. Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Sera za taka karibu duniani kote hupanga ngazi: kwanza punguza, kisha tumia tena, kisha ndipo yeyusha au saga. Kuosha chupa hakuhitaji tanuri, kuyeyusha chupa kwahitaji. Mfasiri aandikapo urejelezaji kwa ngazi zote mbili, ameiondoa ngazi, na sera imekuja kwa wananchi ikiwa tambarare. Tumekwisha kusoma vijitabu vya mafunzo ambamo sentensi moja inahimiza kutumia tena na kurejeleza, na ukurasa wa pili mfano wa kurejeleza ni kuotesha ua katika ndoo iliyopasuka!

Neno taka lenyewe nalo lahitaji kuangaliwa. Katika tafsiri za sheria tunalo takangumu, linalojumuisha hata ganda la ndizi lililooza, ambalo ugumu wake twashindwa kuuona. Lakini limezoeleka, na hatuna ugomvi nalo. Ugomvi wetu ni pale kila kinachobaki kinapoitwa taka tangu mwanzo. Kiswahili hakina desturi hiyo. Mahindi au mpunga ukikobolewa hubaki pumba, chakula cha mifugo. Mbegu za pamba au alizeti zikikamuliwa hubaki mashudu, nayo huuzwa. Pombe ikichujwa hubaki machicha. Kinyesi cha ng'ombe kikiwa zizini ni kinyesi. Kikipelekwa shambani ni samadi. Majani yaliyooza yakawa udongo ni mboji. Kila neno hapa lataja chanzo na kazi ifuatayo kwa mpigo mmoja, na hakuna mkulima wa Nzega atakayesema ana taka ya alizeti. Tafsiri inayoandika taka za kilimo kwa mashudu na pumba imemshushia mtu mali yake hadi jalalani kwa kalamu tu. Jambo hili lina uzito wa kisheria, maana mwenye taka hudaiwa wajibu wa kuziondoa, na mwenye mashudu haulizwi.

Sasa tuje kwenye uchumi. Fikra inayotakiwa kutajwa ni hii: bidhaa zibuniwe, zitumike na zirejee kwa namna ambayo mali ghafi haitupwi bali inabaki kazini. Tumesikia majina manne. Uchumi wa mzunguko ndilo linalotangulia, na ndilo linaloanguka kwa haraka zaidi katika kipimo chetu. Muulize mchuuzi yeyote kuhusu mzunguko, atakujibu kwamba mzunguko wa hela umekuwa mgumu mwezi huu. Kwake mzunguko katika uchumi ni fedha kupita mikononi. Mtendaji akitangaza kwamba Serikali inaleta uchumi wa mzunguko, atapigiwa makofi kwa ahadi ambayo hakuitoa. Uchumi rejeshi lina msiba wake: wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa wanayajua marejesho, nayo ni deni la kila wiki. Uchumi duara ni nomino juu ya nomino bila kiunganishi, na duara ni la mwalimu wa hisabati. Uchumi mduara twaliachia wacheza ngoma, kwani mduara ni ngoma inayojulikana tangu Unguja hadi bara.

Kabla ya kupendekeza, yafaa tuoneshe kwamba uchaguzi wa neno huweza kumfikisha mtu mahakamani. Kuanzia tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Anayekutwa na mfuko huo hukabiliwa na faini isiyopungua shilingi 30,000, au kifungo kisichozidi siku saba, au vyote viwili. Watu hawakuuita mfuko wa plastiki. Waliuita rambo, au nailoni. Hilo lilieleweka upesi. Lililosumbua ni kwamba kanuni hazikuvigusa vifungashio vya bidhaa. Muuza karanga akazitia katika nailoni nyembamba: je, hicho ni kifungashio au mfuko? Wengine wakaanza kubebea nyanya katika nailoni hizo hizo. Baadaye Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira likalazimika kuufafanulia umma kwamba kifungashio kisichokidhi viwango kikitumika kubebea ni kibebeo. Twaipongeza jozi hii. Kifungashio na kibebeo vimejengwa kwa vitenzi ambavyo kila mtu anavyo, na maana yake inasomeka katika umbo. Kama ingekuwamo katika tangazo la kwanza, maelezo mengi ya sokoni yasingehitajika.

Mfano wa pili ni wa 2017. Machi mwaka ule Serikali ilizuia kusafirisha nje mchanga wa madini. Maadamu uliitwa mchanga, mtu wa kawaida aliuliza kwa nini pawe na kelele juu ya mchanga. Kamati zilizoundwa zikatoa taarifa zao Mei na Juni, na kati ya hapo neno makinikia likatoka kwa wataalamu likaingia vinywani mwa watu. Likaonesha kwamba kilichomo katika makontena ni kitu kilichokusanywa na kukolezwa. Kwa jina lile la kwanza, mali ilijificha.

Na hapa twarudi Nzega, wilaya ya Puge, ambako mgodi wa Golden Pride ulianza kutoa dhahabu mwaka 1998 na sasa umefungwa, na ambako wachimbaji wadogo wangali kazini. Wachimbaji hao, kama wenzao wa Geita na Shinyanga, wana neno lao. Mawe yakisagwa, yakaoshwa, na dhahabu ikashikwa kwa zebaki, mchanga unaobaki hautupwi. Huitwa marudio. Huuzwa kwa wenye matangi ya sianidi, ambao huutoa dhahabu iliyosalia. Hakuna kamati iliyolibuni. Neno limetokana na rudi, na laeleza hasa kile ambacho maneno manne ya hapo juu yanahangaika kukieleza: mabaki yaliyo njiani kurudi kazini.

Je, tuseme uchumi wa marudio? Tulivutwa sana na wazo hilo, na bado twaliona bora kuliko uchumi wa mzunguko. Redio nazo zina marudio ya vipindi, lakini hilo halimchanganyi mtu. Kikwazo ni kizito zaidi. Marudio ya dhahabu yana zebaki ndani yake, na sianidi ikikutana na zebaki hiyo huiyeyusha na kuirahisishia safari ya kwenda majini. Neno lasema mali inarudi. Halisemi sumu nayo inarudi. Wanaotunga istilahi hawawezi kuliacha jambo hili kwa wakemia peke yao, kwa kuwa msomaji wa waraka atadhani kila kilichorudishwa ni kisafi.

Kwa hiyo twaomba urejelezaji ubaki, maana umekwisha kushika, lakini ufungwe kwenye kazi ya nne tu: kuyeyusha, kusaga na kuchakata upya. Kutumia tena na kugeuza matumizi viandikwe hivyo hivyo vilivyo. Marudio yaingizwe katika orodha ya istilahi kwa maana ya wachimbaji, kisha yaruhusiwe kutanuka. Na kile kinachosalia baada ya marudio yote, kisichofaa kurudi tena na kinachotakiwa kuzikwa kwa uangalifu, bado hakina jina linalokubalika. Wengine huandika masalia, wengine mabaki ya mwisho. Sisi twapendekeza makapi. Kila apepetaye nafaka anajua kwamba hayo hayarudi chunguni.