Nyumba Njema si Mlango?

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii yatuonya tusikihukumu kitu kwa sura yake ya nje. Siipingi, lakini nikizitazama nyumba za kale zilizogeuzwa kuwa klabu za wanajeshi, naona kwamba mlango nao una maneno yake. Hebu tuichungue nyumba moja mashuhuri ya ng'ambo, kisha turudi kwetu Eldoret.

Nyumba hiyo iko London, kando ya barabara ya Piccadilly, nayo huitwa Cambridge House. Ilianza kujengwa katika miaka ya 1750 kwa ajili ya tajiri mmoja mtukufu, Earl wa Egremont. Mjenzi wake, Matthew Brettingham, alizifuata kanuni za Palladio, bingwa wa ujenzi wa Italia wa karne ya 16. Ndiyo maana uso wake wa mawe una ulinganifu: upande wa kulia wajibu upande wa kushoto, na katikati ya ghorofa ya kwanza pana dirisha la sehemu tatu, ile ya kati ikiwa na tao. Hakuna pambo lililobandikwa ovyo. Jicho latua pale mjenzi alipotaka litue.

Baadaye alikaa humo Palmerston, Waziri Mkuu wa Uingereza, na mkewe alisifika kwa karamu zake za Jumamosi usiku. Palmerston alipofariki mwaka 1865, nyumba ilichukuliwa na klabu ya maofisa iitwayo Naval and Military Club, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1862. Klabu hiyo ilikaa humo hadi mwaka 1999.

Je, mageuzi hayo yalifaa? Kwa upande mmoja yalifaa sana. Nyumba iliyojengwa ili kupokea wageni haihitaji kubomolewa ipate kuwa klabu. Kumbi zilikuwapo tayari, na mahali palipochezwa dansi paliweza kuwekwa viti vya watu wanaokumbushana vita. Hilo ni jambo la kusifiwa, kwa kuwa jengo la kale huishi kwa kutumiwa. Na kweli, klabu ilipohama, nyumba ilikaa ukiwa kwa miaka mingi.

Lakini kasoro zipo. Vyumba vya heshima viko ghorofani. Ngazi kubwa humpendeza bibi aliyevaa gauni refu. Kwa askari aliyepoteza mguu ni adhabu. Tena mbele ya nyumba pana ua, na mbele ya ua pana ukuta wenye malango mawili. Juu ya nguzo zake yaliandikwa maneno makubwa, lango moja la kuingilia na jingine la kutokea, ili magari yasigongane. Maneno hayo yakawa jina la utani la klabu. Lakini nani aliyeambiwa aingie? Maofisa. Askari wa vyeo vya chini walingoja hadi mwaka 1907 wapate Union Jack Club yao, ng'ambo ya mto Thames.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwagawia mashamba wanajeshi wa Kizungu waliotoka vitani, na wengi wakapewa ardhi Trans Nzoia, jirani zetu. Nao Waafrika waliobeba bunduki na mizigo katika vita hiyo hiyo walipata nini? Walipata sanamu tatu za shaba, zilizosimamishwa Nairobi mwaka 1928, na jina la mtaa wa Kariokor. Sanamu ni nzuri, nami nazistahi. Lakini sanamu haina paa. Mzee hawezi kuingia ndani yake mvua inaponyesha.

Mji wetu, ulioitwa Sisibo kwa sababu ya shamba namba 64, uko juu, yapata mita 2,100, na jioni zake ni za baridi. Nyumba za walowezi katika uwanda huu zilijengwa kwa kuijua baridi hiyo: zina meko ya kuotea moto na veranda ya kukinga mvua. Kama siku moja tutaichagua mojawapo iwe baraza ya askari wetu wazee, tuyahifadhi meko hayo na veranda hiyo. Lakini tuongeze njia isiyo na ngazi, na tuazime kwa ndugu zetu wa pwani kile kibaraza cha mawe kando ya mlango, ambapo mpita njia huketi kabla hajaulizwa jina lake wala cheo chake.

Basi, mwanafunzi, usifiwapo jengo, ingia ndani kama methali inavyokuagiza. Lakini kabla hujaingia simama kidogo mlangoni, ujiulize ni nani aliyepita hapo mbele yako, na ni nani aliyerudishwa.