Juu ya Maua: Kulijua Kapeti la Plastiki Linalodumu

Hapa Mshangano, kama ilivyo katika kata nyingi za Manispaa ya Songea, kinachomaliza kapeti la plastiki ni mchanga unaoingia na miguu. Udongo wetu mwekundu wenyewe ni laini, ukikauka hugeuka vumbi la kupakaza tu. Lakini ndani yake mna punje za kwatzi, jiwe lenye namba 7 katika kipimo cha ugumu cha Mohs, na hakuna plastiki ya sakafuni inayofika karibu na hapo. Kila anayetoka shambani au barabarani akapita sebuleni analisaga kapeti kwa punje hizo. Ndiyo maana nasema mnunuzi asishangae maua wala mbao za kuchorwa, bali aulize kuna nini juu ya maua.

Kapeti la roli ni tabaka kadhaa zilizolazwa pamoja. Chini kabisa pana kitambaa au povu. Kati kuna plastiki iitwayo PVC iliyochanganywa na chokaa ya kusagwa na mafuta ya kulainisha. Mafuta hayo ndiyo yaliyoizaa biashara yote hii, kwani PVC peke yake ni ngumu na inavunjika, mpaka Waldo Semon wa kampuni ya B.F. Goodrich kule Marekani alipopata njia ya kuilainisha mwaka 1926. Juu ya hapo imechapwa picha, nyembamba kiasi cha wino. Halafu linakuja tabaka angavu lisilo na rangi, na hilo ndilo linalokanyagwa. Viwanda vizuri hulipaka tena poliyurethani inayokaushwa kwa mwanga wa urujuanimno, na vingine huchanganya humo chembe za oksidi ya alumini, ambayo kwa Mohs ni namba 9. Hapo sasa kwatzi imekutana na mkubwa wake.

Tabaka hilo angavu ndilo umri wa kapeti. Likiwa na milimita 0.1, yaani unene wa karatasi moja ya kuandikia, linafaa chumba cha kulala cha mtu mmoja. Kwa sebule ya familia tafuta 0.3. Kwa duka, saluni au ofisi inayoingiwa na watu kutwa nzima, viwanda huanzia 0.5 au 0.55. Unene wa kapeti zima hausemi lolote kuhusu hili, maana povu likiongezwa chini kapeti linanenepa bila juu kuongezeka hata nywele. Uzito nao unadanganya. Muuzaji akikupa kipande akisema "shika uone lilivyo zito," kumbuka kwamba chokaa ni nzito karibu mara mbili ya PVC na bei yake ni ndogo. Kapeti zito sana mara nyingi ni kapeti lililoshiba chokaa.

Basi omba kipande cha mabaki na wembe mpya. Kata ukingo mara moja, bila kurudia, kisha uukuze kwa kamera ya simu ukiwa kwenye mwanga wa nje. Juu ya mstari wa rangi unapaswa kuona ukanda angavu ulio wazi kabisa. Usipouona, ama haupo ama ni mwembamba mno. Kisha laza wembe na ukwangue uso wa kipande polepole. Kwenye kapeti duni rangi hutoka na mkwanguo wa kwanza, lakini kwenye zuri utatoa nyuzi za plastiki isiyo na rangi kabla ya kuigusa picha. Mwisho kikunje kipande hicho, picha ikiwa nje. Alama nyeupe inayobaki baada ya kukinyoosha ni dalili ya chokaa nyingi. Jaribio hili la kukunja lisifanywe asubuhi ya Juni au Julai, baridi ya Songea ikiwa bado haijaachia, kwa sababu hata kapeti zuri hukakamaa. Kwa sababu hiyohiyo roli lisikunjuliwe saa hizo.

Mng'ao mimi siupi alama. Kapeti linalong'aa sana huonyesha kila mkwaruzo mapema. Lenye uso uliofifia na vijishimo vya kina kifupi huficha mikwaruzo, ila vijishimo vikiwa na kina kirefu vinashika udongo mwekundu na deki haiutoi.

Baadhi ya maroli yana namba nyuma au kwenye lebo, kwa mfumo wa ISO 10874. Madaraja ya 21 hadi 23, yenye picha ya nyumba, ni ya makazi. Ya 31 hadi 34 ni ya biashara, na 41 hadi 43 ni ya viwanda vyepesi. Nyumba yenye watoto wengi ichukue 23 au zaidi. Namba isipokuwepo, rudi kwenye wembe.

Sasa sakafu. Kapeti bora likilazwa juu ya saruji yenye vikokoto hulika kwanza pale palipoinuka, kwa kuwa uzito wote wa mguu unakusanyika kwenye nundu moja. Sakafu ipigwe niru, ifagiliwe, ipanguswe. Ikiwa ni mpya ipewe muda wa kukauka: kadiri ya mwezi kwa kila milimita 25 za unene, na zaidi wakati wa mvua. Bandika kipande cha nailoni sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote, kiache usiku kucha. Ukikuta matone chini yake, subiri.

Kuongeza uimara baada ya kulaza kunaanzia mlangoni. Weka mkeka wa katani au wa nyuzi za nazi nje ya kizingiti na mwingine ndani. Usiweke wenye mgongo wa mpira juu ya kapeti, kwani kemikali za mpira hupenya na kuacha doa la manjano lisilofulika. Fagia kabla ya deki, maana kitambaa chenye maji juu ya mchanga ni msasa. Magunia ya mahindi yabebwe, yasiburutwe. Waya wa masufuria na jivu visiguse uso huo.

Wako wanaolipaka mafuta ya taa ili ling'ae. Mafuta hayo huyavuta nje yale mafuta ya kulainisha yaliyo ndani ya plastiki, na kapeti hukauka na kupasuka. Vanishi ya mbao nayo ni ngumu kuliko kinachoibeba, hivyo hupasuka na kubanduka magamba. Kinachofaa ni polishi ya maji ya akriliki iliyotengenezwa kwa sakafu za vinili, yaani PVC, ipakwe mikono miwili myembamba kwenye kapeti lisilo na poliyurethani. Kwenye lenye poliyurethani haishiki vizuri, kwa hiyo ijaribu kwanza nyuma ya kochi.

Picha ikishafutika, hakuna polishi itakayoirudisha. Ndiyo maana naomba kila mnunuzi achukue nusu mita ya ziada kutoka roli lilelile. Fundi huweka kipande kipya juu ya palipochakaa, akalinganisha maua, akakata vyote viwili kwa wembe mmoja kwa pamoja, kisha akatoa cha chini na kugundisha cha juu mahali pake. Maungio yakifuata mstari wa mchoro, hata mwenye nyumba hupata taabu kuyaona.